Kadi Mpya Itatoka Lini? Jawabu Limo Boharini

Mwanzoni mwa Juni 2018, katika maonyesho ya kompyuta yafanyikayo kila mwaka mjini Taipei, waandishi wa habari waliochoka kusubiri walimwuliza Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia na mmoja wa watu watatu walioiasisi mwaka 1993, swali ambalo wapenzi wa michezo ya kompyuta walikuwa wakiulizana tangu mwaka ulipoanza: kadi mpya za michoro zitatoka lini? Huang, ambaye ni hodari wa kusema mengi pasipo kutoa kitu, alijibu kwa bashasha kwamba bado ni muda mrefu sana, na kwamba siku hiyo itakapowadia atawaalika wote na chakula cha mchana kitakuwapo. Haikutimia miezi 3. Tarehe 20 Agosti mtu yule yule alisimama jukwaani mjini Cologne, Ujerumani, akaitangaza RTX 2080 pamoja na ndugu zake, na mwezi uliofuata zikaanza kuingia madukani. Muda mrefu kwake yeye hupimwa kwa kipimo gani, hilo hakulieleza.

Kwa asiyeijua, kadi ya michoro ni bamba la mtambo lichomekwalo ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kukokotoa kwa kasi mamilioni ya nukta ambazo zikiungana huwa picha katika kioo. Na mtu awe anacheza mpira wa kompyuta, au anahariri filamu ya harusi, au anachora nyumba kabla haijajengwa, ni bamba hilo litakaloamua kama kazi itakwenda au itakwama. Bei zake hazina huruma. Katika kizazi cha sasa, RTX 5060, ambayo ni miongoni mwa zilizo ndogo, ilitangazwa kwa dola 299, na RTX 5090, iliyo kubwa yao, kwa dola 1,999, nazo ni bei za Marekani, kabla haijaongezwa nauli, ushuru na faida ya kila mkono utakaoishika bidhaa mpaka ifike Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam. Mtu aliyedunduliza mwaka mzima akanunua leo, kisha kesho akasikia kuwa kimetoka kizazi kingine chenye nguvu zaidi kwa bei ile ile, hana wa kumshitaki, kwa kuwa hata muuzaji aliyempokea fedha yake huenda alikuwa hana habari. Ndiyo maana swali la lini, ambalo kwa bidhaa nyingine ni la kupitisha wakati, katika bidhaa hii limezaa elimu yake, mabingwa wake, na waongo wake.

Mabingwa hao wamegawanyika katika madhehebu mawili, na msomaji wa pwani hatapata taabu kuyatambua, kwa kuwa mgawanyiko wao ni ule ule unaotufarikisha kila Ramadhani inapokaribia kwisha: wako wanaotegemea hesabu, na wako wasiokubali mpaka mwezi uonekane kwa macho. Wa hesabu hufungua kalenda. GTX 980 ilitoka Septemba 2014. GTX 1080 ikaifuata Mei 2016, baada ya miezi 20. RTX 2080 ikatoka Septemba 2018, baada ya miezi 28 kasoro siku chache. RTX 3080 Septemba 2020, miezi 24 takriban kamili. RTX 4090 Oktoba 2022, miezi 25. Na RTX 5090 tarehe 30 Januari 2025, miezi 27 na nusu. Mwenye kuitazama safu hii kwa juujuu ataona miaka 2, atafunga daftari lake na kulala. Mwenye kuitazama vyema ataona kwamba baina ya muhula mfupi na muhula mrefu pana miezi 8, nayo ni miezi inayotosha mtu kununua, kujuta, kuuza kwa hasara na kununua tena.

Wala miaka 2 si kanuni ya maumbile. Mwishoni mwa karne iliyopita Nvidia ilijitahidi kuleta kitu kipya kila baada ya miezi 6 hivi. GeForce 256 ilitoka katika miezi ya mwisho ya 1999, na kabla mwaka 2000 haujafika nusu GeForce2 ilikuwa imekwisha kuipokonya kiti. Siku zile chipu zilikuwa ndogo, viwanda vilikuwa vikipiga hatua kwa haraka, na washindani kama 3dfx na ATI walikuwa wakiikanyaga visigino. Leo 3dfx ni kumbukumbu tu, ATI imemezwa na AMD, na chipu iliyomo ndani ya RTX 5090 ina transista zipatazo bilioni 92, kitu ambacho hakiundwi kwa miezi 6 hata kwa amri ya sultani. Fauka ya hayo, RTX 4090 na RTX 5090 zote mbili zilitengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa mbinu ya aina moja, hivi kwamba aliyekuwa akipima ujio wa kadi kwa kutazama hatua za kiwanda, na zamani kipimo hicho kilikuwa madhubuti, safari hii hakuwa na cha kutazama.

Wale wa kuona kwa macho wao hawana haja na kalenda, hutafuta nyayo. Hupekua hati za forodha za India, ambamo mbao za saketi za majaribio, zinapoingizwa nchini kwa ajili ya wahandisi, huandikwa aina na thamani yake. Hupekua daftari za Kamisheni ya Uchumi ya Eurasia, inayokusanya Urusi na baadhi ya jirani zake, ambako watengenezaji wa kadi husajili mapema majina ya bidhaa zao, yakiwamo majina mengi ambayo hayatatoka kamwe, na kwa hiyo shahidi huyu husema kweli na uongo kwa sauti moja. Hupekua pia maandishi ya Linux. AMD, iliyo mshindani mkubwa wa Nvidia, hulazimika kuyapeleka humo maandishi ya programu zake kabla ya kadi kutoka, na kwa kuwa Linux ni mali ya umma isomwayo na kila atakaye, wahandisi wake walibuni majina ya rangi na samaki ili kuyasitiri majina ya kweli. Chipu iliyokuja kutoka Novemba 2020 ndani ya RX 6800 XT ilionekana humo tangu Juni ya mwaka ule ikiitwa Sienna Cichlid, yaani samaki wa jamii moja na sato na furu wa Ziwa Viktoria, na sidhani kama kuna mtu wa Mwanza aliyepata kuombwa ruhusa.

Kisha wako wanenaji wasioonekana, waliojificha nyuma ya majina ya kubuni, ambao mashuhuri wao ni yule ajiitaye kopite7kimi. Fununu zake zimesadifu mara nyingi kiasi kwamba magazeti ya kompyuta huzichapa karibu kama taarifa rasmi. Na ikatokea mara moja kwamba siri zilitoka kwa wizi hasa: Februari 2022 genge la wadukuzi lijiitalo Lapsus$ liliingia katika mitambo ya Nvidia, na katika yaliyomwagwa hadharani likamo jina la Blackwell, la kumkumbuka David Blackwell, mwanahisabati Mmarekani mweusi, karibu miaka 3 kabla ya kadi za michezo zenye jina hilo kuuzwa. Tazama basi udhaifu wa madhehebu haya. Jina lilijulikana, ukoo wa chipu ulijulikana, na siku haikujulikana, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa haijaandikwa popote ili iibiwe.

Nami nadhani kosa la madhehebu yote mawili ni kuamini kwamba anayetazamwa hajui kuwa anatazamwa. Agosti 2018, siku chache kabla ya mkutano wa Cologne, Nvidia yenyewe ilitoa filamu fupi iliyojaa vidokezo vilivyofichwa kwa makusudi vionekane. Katika mazungumzo ya kioo cha kompyuta yalipita majina ya wachezaji: mmoja RoyTeX, ambamo mwenye macho alisoma RTX, mwingine Not_11, kuwakejeli waliokuwa wameapa kwamba kadi mpya itaitwa 1180, wengine Mac-20 na Eight Tee, ishirini na themanini. Palikuwa na tarakimu za longitudo na latitudo zilizoelekeza mjini Cologne. Na mwishoni tarehe ya mkutano ilijitokeza tarakimu moja moja, kwa mpangilio uliosomeka 2, 0, 8, 0. Miezi 2 na siku kadhaa tu zilikuwa zimepita tangu ile ahadi ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kampuni ambayo Juni ilikuwa ikizizima tetesi, Agosti ilikuwa ikizichochea kwa mkono wake, na mwenye kutaka kuzielewa tarehe za kadi inampasa aulize ni kitu gani kilichobadilika baina ya Juni na Agosti. Chipu haikubadilika, ilikuwa imekwisha kuundwa kitambo.

Kilichobadilika ni bohari.

Sababu ya mfanyabiashara kuificha siku ya bidhaa yake mpya ni ya zamani kuliko kadi hizi. Adam Osborne, aliyeanza kuuza kompyuta ya kubebeka mwaka 1981 akapata mafanikio ya kusifika, mapema mwaka 1983 alianza kuwaeleza watu juu ya mashine bora iliyokuwa njiani; wenye maduka wakaacha kuagiza ile ya zamani, ile mpya ikawa haijawa tayari, na Septemba ya mwaka ule kampuni ikaomba kutangazwa muflisi. Wako wanaosema kwamba sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, na huenda wakawa na haki, walakini kila mkuu wa kampuni ya kompyuta aliyekuja baadaye ameisoma hadithi ile kwa upande mmoja tu: mteja anayesubiri ni mteja asiyenunua. Tetesi za kadi mpya basi zina gharama, na mwenye kuilipa ni mwenye shehena ya kadi za zamani.

Mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018 kadi zilikuwa zikigombaniwa na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni, walionunua kwa makreti ili ziwazalishie fedha usiku na mchana. Sarafu zikaporomoka, wachimbaji wakatoweka, na bidhaa iliyokuwa haikamatiki ikajaa katika mabohari ya wauzaji wa jumla. Novemba 2018 Nvidia ilikiri kuwa kadi za daraja la kati, GTX 1060 hasa, zimerundikana kupita kiasi, na hisa zake zikaanguka kwa karibu asilimia 19 kwa siku moja. Sasa turejee tuutazame mpangilio wa Turing, kizazi kilichotangazwa Cologne: zilizotoka kwanza ni zile za bei ya juu, ambazo hazikugusana na shehena iliyolala, na RTX 2060, iliyokuwa mrithi wa ile GTX 1060 iliyorundikana, haikufika mpaka Januari 2019.

Miaka 4 baadaye kisa kilijirudia kwa tarakimu kubwa zaidi. Agosti 2022 Nvidia ilitangaza kwamba mapato ya robo ya mwaka yangekuwa dola bilioni 6.7 badala ya bilioni 8.1 zilizotarajiwa, na kwamba ilikuwa imetenga dola bilioni 1.32 kwa ajili ya hasara iliyotokana zaidi na bidhaa zilizolala. Huang akawaambia wenye fedha kwamba wanapunguza mzigo wanaowapelekea wauzaji ili njia isafike kabla ya kizazi kipya kuingia. Tarehe 15 Septemba sarafu ya Ethereum ilibadili utaratibu wake, na uchimbaji wake kwa kadi za michoro ukafa siku hiyo hiyo. Siku 5 baadaye RTX 4090 ikatangazwa kwa dola 1,599, na kadi za kizazi kilichotangulia zikaachwa ziendelee kuuzwa chini yake, kila moja katika daraja lake, kana kwamba hakuna jambo lililotokea. Aliyekuwa akitazama kalenda alisema: miaka 2 imetimia. Aliyekuwa akitazama bohari alikwisha kujua tangu Agosti kwamba kitakachotoka ni kikubwa na ghali, na kwamba mwenye dola 300 asiharakishe.

Sisemi kwamba bohari hueleza kila kitu. Liko na lile la chipu kutokuwa tayari, na hapo maneno ya jukwaani hayana thamani yoyote. Septemba 2009, AMD ilipokuwa imetangulia na HD 5870, Huang aliinua mbele ya hadhara kadi ya kizazi cha Fermi, nayo ikapigwa picha kutoka kila upande; watu waliozikuza picha hizo wakaona skrubu zilizoonekana kuwa za kufungia mbao na sehemu zilizokatwa vibaya, na kampuni ikalazimika kukiri kwamba iliyoshikwa mkononi ilikuwa sanamu ya kadi, si kadi. GTX 480 yenyewe ilitangazwa rasmi mwishoni mwa Machi 2010. Intel nayo iliahidi kadi zake za Arc kwa robo ya kwanza ya 2022, zikaanzia China katikati ya mwaka kwa ile ndogo, na A770 ikaangukia tarehe 12 Oktoba, siku moja na RTX 4090, bahati ambayo hata adui yake asingeiombea.

Liko pia lile la kuviziana. Januari 2025 AMD iliwaita waandishi Las Vegas, ikawapa mapema habari za RX 9070 XT, kisha katika hotuba yenyewe ikaipitia kimya. Jioni ile ile Nvidia ikatangaza RTX 5070 kwa dola 549. Kadi za AMD zilikuwa zimekwisha kuwafikia baadhi ya wauzaji, zimo katika masanduku, na wenye maduka hawana ruhusa ya kuziuza wala bei ya kuzibandika. Wasemaji wa kampuni walieleza kwamba wanataka kuzikamilisha programu zake na kukusanya akiba ya kutosha. Mimi naamini kwamba bei ilikuwa inaandikwa upya. Zilitoka tarehe 6 Machi, kwa dola 599, na wale waliokwisha kuona masanduku kwa macho yao wakangoja miezi 2 wakijua kila kitu isipokuwa siku.

Mengi ya hayo ni ya enzi ambayo mchezaji wa kompyuta alikuwa ndiye mteja mkuu, na enzi hiyo imekwisha. Katika mwaka wa hesabu uliomalizika Januari 2022, michezo iliiletea Nvidia dola bilioni 12.5, na vituo vya data bilioni 10.6. Katika mwaka uliomalizika Januari 2025 michezo ilileta bilioni 11.4, na vituo vya data, vinavyonunua chipu kwa ajili ya akili mnemba, bilioni 115. Aliyekuwa bwana wa nyumba sasa ni mpangaji wa chumba cha uani. Ukiwa na kiasi maalumu cha nafasi katika kiwanda cha TSMC, na sahani moja ya silikoni yaweza kutoa chipu za kuuzwa kwa maelfu ya dola kwa mnunuzi asiyeuliza bei, au chipu za kuuzwa kwa mamia kwa kijana atakayelalamika juu ya kila senti, hakuna mfanyabiashara atakayetaabika kuchagua.

Na bohari inayopasa kutazamwa imehama. Zamani ilikuwa ile ya kadi kuukuu. Leo ni ile ya memori. Kadi nyingi za Nvidia za kizazi cha sasa hutumia memori ya GDDR7, itengenezwayo na Samsung, SK Hynix na Micron, na kampuni hizo hizo tatu ndizo zinazoombwa usiku na mchana memori ya mitambo ya akili mnemba. Bei za memori zilipaa katika miezi ya mwisho ya 2025, na Desemba ya mwaka ule Micron ilitangaza kuacha biashara ya Crucial, chapa ambayo wanunuzi wa kawaida waliijua kwa miongo mingi. Wapenzi wa kadi walikuwa wakizitazamia kwa hamu RTX 50 za aina ya Super, yaani zilizoboreshwa kidogo, kwa hoja ya kalenda, kwamba Super za kizazi kilichopita zilitangazwa Januari 2024. Januari 2026 maonyesho ya kila mwaka ya Las Vegas yalifanyika kama ada, na hapakutangazwa kadi mpya ya GeForce hata moja.

Tukirudi kwa watu wa hesabu, muhula wao mfupi wa karibuni ni miezi 24 na mrefu ni 28, na ukiihesabu tangu Januari 2025 unapata kati ya Januari na Mei 2027. Mimi, nikilazimishwa kutaja, nitausogeza mbele mwezi huo wa Mei badala ya kuurudisha nyuma, maadamu memori haijashuka bei na mteja mkubwa hajashiba. Na nitautaja kwa kadi ya juu peke yake. Kwa mwenye dola 300 ziko hesabu nyingine, ambazo madhehebu yote mawili huzisahau kwa kuwa hazina shamrashamra: RTX 2060 iliifuata 2080 baada ya miezi 4, RTX 3060 iliifuata 3080 baada ya miezi 5, RTX 4060 iliifuata 4090 baada ya miezi 8 na zaidi, na RTX 5060 iliifuata 5090 baada ya miezi 3 na nusu. Huyo, kama kompyuta yake imekwama na kazi za watu zinamngoja, anunue. Na kama yake bado inakwenda, anayo nafasi ya kutosha ya kuwasikiliza kopite7kimi na wenzake bila ya kuwalipa chochote.